SOMO LA AFYA: Mkono Baada ya Plasta

Jina boda boda lilizaliwa hapa hapa mpakani, kwa baiskeli za Busia. Na anayeanguka kutoka boda boda hujikinga kwa kiganja, hivyo mfupa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ndio huvunjika. Daktari Abraham Colles wa Dublin aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, kabla eksirei haijajulikana.

Plasta hukaa kama wiki 6. Wengi hudhani ikitolewa kazi imekwisha. Sivyo! Mkono hutoka mwembamba, mkavu na mgumu kama kuni, na usipofanyishwa kazi unaweza kubaki hivyo.

Sisi tuliohama tunalo tatizo lingine. Mwaka 2008 Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kisha mwaka huo huo wengi wakapelekwa Kiryandongo, mbali sana. Mtu hufungwa plasta mahali pamoja na kufunguliwa pengine. Basi tunza karatasi ya hospitali yenye tarehe, pamoja na kadi ya chakula.

Plasta ikiwa bado mkononi, inua mkono juu ya moyo siku za kwanza. Kunja na kunjua vidole vyote mara nyingi kwa siku, na usisahau kiwiko na bega. Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Ikitolewa, loweka mkono katika maji ya vuguvugu dakika 10. Kisha kunja kifundo mbele na nyuma, polepole. Bana kiwiko ubavuni, geuza kiganja juu kama anayepokea chumvi, halafu chini. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kuvuta kidogo si vibaya. Maumivu makali yanayodumu ni ishara ya kupunguza.

Halafu kamua kitambaa chenye maji. Akina mama, hii ni tiba kweli kweli, si kazi tu! Kusonga ugali mdogo kufuate baadaye. Lakini jembe na jerikeni ya lita 20 vingoje ruhusa ya mganga, mara nyingi miezi 3 tangu kuvunjika. Watoto wachote maji kwa sasa.

Na yule mzee anayekanda kwa nguvu na kufunga vijiti kwa kukaza? Mwambieni asante, lakini hapana. Kukaza huzuia damu, na watu wamepoteza vidole.