Kiingereza, Mlango wa Masomo Mengine

Kila mwaka zinapokaribia siku za kufunguliwa skuli, njia ya Mlandege hujaa watu. Wazee wa shamba hushuka mjini, wengine watoka Makunduchi, wengine Nungwi, wengine Chwaka, wakawanunulia watoto wao nguo za skuli, mikoba, madaftari na kalamu. Mtoto aingiaye Kidato cha Kwanza hurudi kwao na furusha lake, na wazazi hurudi na mifuko mitupu, nao huona kuwa wamekwisha timiza wajibu wao. Twawasifu kwa jambo hilo. Walakini kiko kitu kimoja ambacho mtoto huyo atakihitaji kila siku kwa muda wa miaka minne, wala hakiuzwi katika duka lolote la Mlandege. Kitu hicho ni lugha ya Kiingereza. Leo twataka kuwaeleza walimu, masheha na wazazi jinsi somo hili lilivyo, mahali linapowanasa watoto wetu, na jinsi lifaavyo kusomwa.

1. Zamani na sasa

Kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wanafunzi wa sekondari wa Unguja walifanya mtihani uliotoka Cambridge, Uingereza. Katika mtihani ule, kwa muda mrefu, mwanafunzi aliyeshindwa Kiingereza hakupewa cheti, hata kama amefaulu vizuri katika masomo mengine. Kwa hiyo kila mtu alilijua somo hilo kuwa ni mlango, na aliyetaka kupita alijitengeneza mapema.

Siku hizi mtihani wa Kidato cha Nne hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na sharti lile la zamani halipo. Basi wako wasemao, "Kiingereza ni somo moja tu katika masomo mengi, mtoto akilikosa hili, atalipata jingine." Maneno hayo yana kosa kubwa. Karatasi ya bayolojia huandikwa kwa Kiingereza. Ya jiografia kadhalika. Ya fizikia, ya kemia na ya hisabati vivyo hivyo. Zamani Kiingereza kilikuwa mlango mmoja wa nyumba. Sasa ni kizingiti katika kila chumba. Asiyeweza kukivuka hujikwaa kila aingiapo.

Serikali yenyewe imeliona jambo hili. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu Darasa la Tano, ili mtoto aizoee lugha kabla ya kufika sekondari. Na zamani zaidi, mwaka 1984, wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakaona ya kuwa wengi wa Kidato cha Nne hawakuweza kuvisoma sawasawa vitabu vya masomo yao. Watoto wale hawakuwa wajinga. Waliletewa elimu katika chombo wasichoweza kukifungua.

2. Mahali wanaponaswa

Tuweke mfano. Mwanafunzi ameulizwa katika karatasi ya bayolojia aulinganishe mshipa utoao damu moyoni na ule uirudishao. Neno la swali ni "compare". Kijana huyu amesoma, na habari za mishipa yote miwili anazijua. Lakini hakulitambua neno lile, akadhani ameambiwa aeleze tu. Akaandika ukurasa mzima juu ya mshipa mmoja, khati nzuri, maneno ya kweli, na wa pili hakuutaja. Alama zake zitakuwa chache, na nyumbani watasema hakusoma.

Maneno ya namna hii si mengi, na mwalimu aweza kuyafundisha yote katika majuma machache. "State" ni kutaja kwa ufupi, bila kueleza. "Describe" ni kusema kitu kilivyo. "Explain" ni kutoa sababu. "Compare" ni kulinganisha viwili. Tena liko neno dogo liitwalo "except", yaani isipokuwa. Mtahini akiandika kwamba majibu yote haya ni kweli "except" moja, basi atafutwaye ni yule aliye mwongo. Mwanafunzi asiyeliona neno hilo huchagua jibu la kwanza lililo kweli, akakosa swali alilolijua.

3. Tofauti za lugha mbili

Makosa mengi ya watoto wetu hayatokani na uvivu. Hutoka katika Kiswahili chenyewe, kwani mtu huivalisha lugha mpya nguo za lugha ya kwao. Mwalimu akiijua tofauti, atalijua kosa kabla halijaandikwa.

Kwanza, sisi husema "amekuja", wala hatujali kama ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza hana budi kuchagua, "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Ndiyo maana mwanafunzi huandika habari za mama yake, na katika mstari wa tatu mama amekwisha kuwa mwanamume.

Pili, silabi yetu -ni hufanya kazi nyingi. Twasema nyumbani, mezani, sandukuni, skulini, na yatosha. Kiingereza chataka neno mbalimbali kwa kila mahali: "at home", "on the table", "in the box", "to school". Haya hayapatikani kwa kufikiri. Hupatikana kwa kuyasoma na kuyasikia mara nyingi mpaka sikio lenyewe likatae lililo kosa.

Tatu, neno "kitabu" kwetu latosha peke yake. Kwao ni "a book" kama ni kitabu chochote, na "the book" kama ni kile kinachojulikana. Kiswahili hakina vineno hivyo, basi mtoto huviacha, au huvitia popote.

Nne, twasema "nimekula" na "nilikula", na tofauti yake twaijua. "Nimekula" ni "I have eaten". "Nilikula jana" ni "I ate yesterday". Ikitajwa jana, "have" haina nafasi. Mwanafunzi aandikaye "I have eaten yesterday" na aulizwe kama kwa Kiswahili husema "nimekula jana". Atacheka mwenyewe, na kosa atalikumbuka.

Tano, Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na Kiingereza sivyo. Herufi "ough" husomwa namna moja katika "though", namna nyingine katika "through", na nyingine katika "cough". Hapa hapana kanuni ya kumwokoa mtu. Ni kujifunza neno na sauti yake pamoja. Lakini katika sauti nyingine sisi tuna bahati. Sauti ya mwanzo wa "think" ni ile ile ya thelathini, na sauti ya mwanzo wa "this" ni ile ile ya dhahabu. Watu wengi wa nchi nyingine hutaabika miaka kwa sauti hizo mbili, na mtoto wa Unguja amezizoea tangu utotoni.

4. Namna ya kusoma

Tufanye hesabu. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, na kipindi ni dakika 40. Hata mwalimu asiposema neno, kila mwanafunzi akipewa zamu ya kusema Kiingereza, hatapata dakika moja kamili. Na ilivyo kweli, aghalabu mwalimu huandika ubaoni na wanafunzi hunakili. Kunakili si kujifunza lugha. Mkono hufanya kazi na akili hulala.

Watu wa Mlandege wanalifahamu jambo hili kwa mfano wa mpira. Timu ya mtaa wao ilitwaa Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, ikalitwaa tena mwaka 2024. Je, vijana wale walipata kombe kwa kunakili sheria za mpira katika daftari? La. Sheria wanazijua, lakini walishinda kwa kucheza. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Kanuni ni lazima, na mazoezi ni lazima zaidi. Basi twashauri mambo manne.

La kwanza ni kusoma hadithi nyepesi. Mwanafunzi asianze na kitabu ambacho kila mstari una maneno matano asiyoyajua. Atachoka siku ya pili. Na achague kitabu chepesi, hata kama ni cha watoto wadogo, akisome mpaka mwisho, kisha achukue kingine. Kurasa tano kila siku ni kurasa 150 kwa mwezi. Baada ya ripoti ile ya mwaka 1984 ulianzishwa mpango wa kupeleka vitabu vya namna hiyo katika skuli za sekondari, na fikira yake ilikuwa njema: lugha huingia kwa wingi wa kusoma.

La pili ni daftari la maneno. Kila siku aandike maneno matano, wala asiandike neno peke yake na maana yake. Aandike sentensi nzima alimolikuta, kisha atunge yake mwenyewe. Neno lisilotumiwa hutoroka.

La tatu ni kuandika kidogo na kusahihishwa. Insha moja ya mistari kumi iliyosahihishwa, na mwanafunzi akaiandika tena bila makosa, yafaa kuliko insha tatu ndefu zilizotiwa alama ya vyema bila kusomwa. Twajua ya kuwa mwalimu mwenye madaftari 60 ana kazi nzito. Basi na achague kosa moja kwa juma, kwa mfano "he" na "she", asahihishe hilo tu katika madaftari yote, na juma la pili achukue jingine.

La nne ni kusema bila haya. Mtoto hukaa kimya kwa kuogopa kuchekwa na wenziwe. Mwalimu apige marufuku kicheko hicho, na awape wanafunzi kazi ya kusema wawili wawili. Hapo katika zile dakika 40 wasemao hawawi mmoja mmoja, bali ni 30 kwa wakati mmoja.

5. Wazazi na masheha

Mzazi aweza kusema, "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Twamjibu kwamba msaada alio nao ni mkubwa. Kila usiku amwite mtoto, amwambie, "Nisomee ukurasa mmoja, kisha niambie kwa Kiswahili umesema nini." Kama mtoto ameelewa, ataeleza vizuri. Kama hakuelewa, atababaika, na kubabaika hakuhitaji Kiingereza kukutambua. Wazee wetu walifanya hivi katika chuo: mtoto alisoma kwa sauti, na mkubwa alisikiliza. Desturi hiyo ingalipo; na itumiwe.

Masheha nao wanayo sehemu yao. Katika shehia nyingi wamo walimu waliostaafu na vijana waliomaliza Kidato cha Sita. Chumba kimoja chenye taa, meza na vitabu ishirini vya hadithi, na mmoja wa watu hao kusimamia jioni tatu kwa juma, ni kitu kiwezekanacho. Faida yake ni kubwa zaidi kwa mtoto wa shamba, ambaye akitoka skuli hasikii Kiingereza tena mpaka kesho yake.

6. Kiswahili kisidharauliwe

Mwisho twataka kuonya. Wako wadhanio ya kuwa mtoto hupata Kiingereza kwa kukiacha Kiswahili, na baadhi yao huwaadhibu watoto kwa kusema lugha ya mama zao. Jambo hili halifai. Mwingereza Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 bila kukijua Kiswahili. Alikaa na wenyeji, akauliza, akaandika neno kwa neno, na mwaka 1870 kitabu chake cha kufundisha Kiswahili cha Unguja kilitoka. Hakukiacha Kiingereza ili akipate Kiswahili. Alikitumia cha kwake kuwa ngazi.

Na mfano ulio karibu zaidi ni wa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza angali kijana, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza, naye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Mwaka 2022 riwaya yake Paradise ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis. Basi lugha mbili zaweza kukaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Kwa hiyo mwalimu asiogope kulieleza jambo gumu kwa Kiswahili kwanza, mpaka lifahamike. Kisha alirudie kwa Kiingereza, na wanafunzi waliseme na kuliandika kwa Kiingereza. Aliyelifahamu jambo hutafuta maneno yake tu, lakini asiyelifahamu hata maneno hayamfai.

Miaka minne si mingi, lakini si michache kwa atakayeanza siku ya kwanza. Mzazi anaporudi kutoka Mlandege na furusha la nguo na madaftari, na aweke usiku ule ule saa ya kusomewa ukurasa mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.