Bonge la damu mapafuni: je, kila mgonjwa anahitaji CT skani?

Mkaazi wa Jericho anashuka basi la usiku kutoka Mombasa. Mguu mmoja umevimba, na kabla hajafika nyumbani pumzi inambana na kifua kinamchoma kila anapovuta hewa. Wengi watasema ni baridi ya safari au nimonia, na huenda wakawa sahihi. Lakini huenda pia damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, kipande kikang'oka na kwenda kuziba mshipa wa mapafu. Hali hiyo inaweza kuua kwa saa chache. Waliofanyiwa upasuaji, waliojifungua karibuni na wagonjwa wa saratani wako katika hatari zaidi.

Picha inayolionyesha bonge hilo waziwazi ni CT skani ya kifua, inayopigwa mgonjwa akiwa amedungwa dawa yenye ayodini ili mishipa ing'ae. Gharama yake, mbali na pesa, ni mionzi. Eksirei moja ya kifua hutoa takriban milisiverti 0.1 au chini ya hapo. CT hii mara nyingi hutoa kati ya 2 na 10. Kwa kulinganisha, binadamu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani. Hatari ya saratani kutokana na picha moja ni ndogo, lakini hujumlishika picha zinaporudiwa, na matiti ya mwanamke kijana yamo katikati ya njia ya mionzi.

Njia ya kwanza ya kupunguza mionzi ni kutopiga picha isiyohitajika. Daktari huanza kwa maswali: mguu umevimba? Moyo unaenda mbio? Umetema damu? Umelala kitandani siku nyingi? Majibu yakionyesha hatari si kubwa, hupima damu kwa kipimo kiitwacho D-dima. Kikiwa chini ya kiwango, bonge huondolewa kwenye orodha na CT haihitajiki. Kiwango cha kawaida ni 500, lakini kwa aliyepita miaka 50 daktari anaweza kuzidisha umri kwa 10. Mzee wa miaka 70 hupimwa kwa 700. Hesabu hiyo, iliyothibitishwa na utafiti wa mwaka 2014, huwaepusha wazee wengi na mashine. Mgonjwa ambaye dalili zake ni nzito haanzii hapo. Yeye hupelekwa kwenye picha moja kwa moja.

Mama mjamzito aliyevimba mguu huanza na ultrasaundi ya mguu, isiyo na mionzi kabisa. Bonge likionekana huko, matibabu huanza bila CT ya kifua.

Picha ikilazimika, mashine yenyewe huweza kupunguzwa makali. Kwa miaka mingi CT zilipigwa kwa volti 120,000. Kwa mtu asiye mnene 100,000 hutosha, na mwembamba hata 80,000. Kushuka hadi 100,000 pekee hupunguza mionzi kwa karibu theluthi moja, mipangilio mingine ikibaki ilivyo. La kupendeza ni kwamba kwa volti hizo za chini ayodini hung'aa zaidi, hivyo mishipa inayotafutwa haipotei. Fundi pia hupiga eneo la mapafu tu, bila kushuka hadi tumboni.

Mashine hizi huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2019.

Mwenye dalili zilizotajwa asikae nyumbani kwa kuogopa mionzi: bonge lisilotibiwa ni hatari kuliko picha. Aende mara moja kwenye idara ya dharura, kama ile ya Mama Lucy Kibaki. Akifika, aseme kama ana mimba, ana shida ya figo, au dawa ya ayodini iliwahi kumdhuru. Aliyepigwa CT karibuni aje na picha zake, maana nyingi hurudiwa kwa sababu tu za kwanza ziliachwa nyumbani.