Jirani Akibonyeza Kitufe, Redio Yako Inaziba

Mji mdogo kama Bariadi ukipata watu wawili wenye leseni ya redio ya ridhaa ni jambo la heri, mpaka jioni ile wote wawili watakapoitaka bendi ya mita 20 kwa wakati mmoja. Tuseme mmoja anakaa Somanda na mwenzake yuko mita 500 tu kutoka kwake. Wa kwanza akibonyeza kitufe cha kuongea, mshale wa S, unaopima nguvu ya mawimbi yanayoingia, kwenye redio ya wa pili unapanda, na stesheni ya mbali aliyokuwa akiitegea sikio inazama ndani ya mvumo. Hapo simu ya lawama haiko mbali. Kabla hujaipiga, tafuta kwanza ubovu uko upande gani, maana dawa ya upande mmoja haiponyi upande wa pili.

Tuanze na hesabu. Transmita ya wati 100 ikiwa mita 500 kutoka kwako, kwenye megahezi 14, inaweza kuingiza kwenye antena yako takriban miliwati 1. Ni kidogo kwa macho, lakini ni mara milioni 20 ya nguvu inayotosha kuufikisha mshale kwenye S9. Na hakuna transmita inayorusha masafa yake pekee. Pembeni yake huvuja kelele hafifu inayozalishwa na saketi za ndani. Hata kama kwa umbali wa kilohezi 20 kelele hiyo ni dhaifu mara bilioni 4 kuliko mawimbi yenyewe, itakufikia kwa nguvu ya karibu S5. Pembezoni mwa Bariadi, ambako usiku mtulivu mshale hulala chini kabisa, S5 inatosha kuwafunika watu wengi wa mbali.

Kelele ya namna hiyo imekaa juu ya masafa yaleyale unayosikiliza. Hakuna chujio utakalofunga kwako likaitoa. Hutibiwa kule inakotoka.

Lakini inawezekana jirani hana kosa. Redio yako yenyewe inaweza kuwa imelemewa na mawimbi yake makubwa, ikaanza kutengeneza kelele ambazo hewani hazipo. Kipimo chake ni rahisi. Redio nyingi za mezani zina kitufe kilichoandikwa ATT, kinachopunguza mawimbi yanayoingia. Mwombe jirani arushe, kisha kibonyeze. Kama kinapunguza desibeli 12, mshale unatakiwa ushuke vizio viwili vya S. Ukishuka zaidi ya hapo na stesheni ya mbali ikasikika safi, redio yako ndiyo iliyolemewa, na ATT ndiyo dawa yako ya bure. Ukishuka viwili tu, azima redio ya aina nyingine uiunganishe kwenye antena ileile. Ikiwa nayo inasikia kelele hiyohiyo, sasa unaweza kumpigia jirani.

Ukitaka ushahidi usiobishaniwa, tumia megahezi 14.100. Hapo mtandao wa stesheni 18 duniani hurusha kwa zamu, sekunde 10 kila moja, na mzunguko wote huchukua dakika 3. Kila stesheni hutaja jina lake kwa wati 100, kisha hutoa milio mirefu minne: wa kwanza wati 100, halafu 10, halafu 1, na wa mwisho sehemu moja ya kumi ya wati. Hesabu milio unayoisikia jirani akiwa kimya, kisha uhesabu tena akiwa anarusha. Aliyekuwa akisikia milio mitatu kutoka Afrika Kusini na sasa anasikia mmoja ana jambo la kumwonyesha mwenzake. Wa Kenya usiutegemee. Bariadi iko karibu mno, na mawimbi ya bendi hii kwa kawaida huturuka vichwani.

Kwa anayerusha, nianze na betri, maana nadhani ndiyo inayosahauliwa zaidi huku kwetu. Redio hizi zimetengenezwa kwa volti 13.8. Wengi wetu tunaziendesha kwa betri ya sola kupitia waya mwembamba mrefu. Ukiwa kimya volti zinasoma vizuri, ukianza kuongea zinaporomoka hadi 11 na ushee, na hapo sauti inapasuka na kumwagika kilohezi nyingi kushoto na kulia. Weka mita kwenye plagi ya redio yenyewe, si kwenye betri, kisha usome huku ukiongea. Waya mnene na mfupi mara nyingi humaliza ugomvi.

Baada ya hapo shusha maikrofoni. Kuiongeza hadi mwisho hakukufikishi mbali, kunachafua tu. Na wati zenyewe: kanuni za kimataifa za redio zinataka kila stesheni itumie nguvu inayotosha kwa mawasiliano husika tu. Kuongea na Mwanza kwa wati 100 wakati 10 zingetosha ni majivuno, basi.

Antena nazo zina la kusema. Ya waya iliyonyooka hurusha kidogo kuelekea ncha zake, kwa hiyo majirani wakizielekeza ncha hizo wao kwa wao, wameshapunguza sehemu kubwa ya tatizo bila kununua kitu. Wakiwa bendi tofauti, chujio la bendi kwa anayerusha husaidia sana. Mtu akirusha 7.050, wimbi lake la masafa maradufu huangukia 14.100 kamili. Hili litazamwe mapema pale stesheni mbili zinapofungwa uwanja mmoja, kwa mfano kwenye maonyesho ya Nane Nane Nyakabindi. Hapo ni heri kugawana bendi kabla ya kusimamisha nguzo.

Mabati ya zamani nayo ni mchawi asiyeshukiwa. Maungio yenye kutu huchanganya mawimbi ya stesheni mbili na kuzaa ya tatu. Ukiona kelele inabadilika upepo ukivuma au mvua ikilowesha paa, sogeza antena mbali na paa kabla hujamlaumu binadamu.

Na si kila mvumo unatoka kwa mrushaji. Zima swichi kuu ya nyumba, endesha redio kwa betri, na uchomoe kidhibiti cha sola na taa za bei rahisi. Kelele ikiondoka, adui ulikuwa naye ndani. Mitambo ya kuchambua pamba na mashine za kuchomelea hupiga kelele kwa saa za kazi. Radi za Ziwa Victoria hupasuapasua, hazivumi.

Mkishindwana kabisa, mwenye mamlaka ni TCRA, inayotoa leseni na majina ya stesheni yanayoanza na 5H, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Nenda na daftari lenye tarehe, saa, masafa, usomaji wa mshale jirani akiwa hewani na akiwa kimya, na matokeo ya ATT.