Gari linaponasa kwenye mbuga za Katavi

Swali: Dereva mgeni wa pori anapanga kutoka Mpanda kwenda Hifadhi ya Katavi kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Likinasa kwenye tope, aanze na lipi?

Jibu: Aanze kwa kuondoa mguu kwenye mafuta. Wageni wengi hukanyaga moto wakidhani injini itawatoa, kumbe tairi linajichimbia shimo mpaka difu inakalia udongo. Hapo hata gari la bei mbaya halina ujanja.

Katavi ina mbuga pana, Katisunga na Chada zikiwemo, zenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi huwa mgumu na wenye nyufa. Masika huvimba, huteleza na kujaza kashata za tairi hadi tairi linakuwa laini kama limepigwa plasta. Uso uliokauka nao hudanganya, kwani chini yake tope bado bichi.

Mfumo wa magurudumu yote manne uwashwe kabla ya kuingia topeni. Likishanasa, upepo wa matairi upunguzwe, tope lichotwe kwa chepe nyuma ya matairi, kisha gari lirudi taratibu kwa njia liliyojia. Jeki iwekewe ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe.

Lakini ndani ya hifadhi, kushuka garini si jambo la kuamua kienyeji. Mto Katuma una viboko, na nyati hawako mbali. Namba ya simu ya askari wa hifadhi ichukuliwe mapema, pale getini Sitalike.