Gesi Isiyonuswa, Husikilizwa

Pua yako ni mlinzi mzuri, lakini kuna wezi inaowapisha hivi hivi. Mmojawapo ni kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye jiko la mkaa. Haina harufu, haina rangi, wala haikufanyi ukohoe. Ukifunga mlango na madirisha ukalala na jiko ndani, gesi hiyo inaingia kwenye damu na kuing'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakolea, na wengine hawaamki tena. Halafu usidanganywe eti mkaa ukishakuwa mwekundu ni salama. Kilichoondoka ni moshi, gesi ingalipo.

Sasa, kama pua haiwezi kuitambua, tufanyeje? Jibu moja la wanasayansi linachekesha kidogo: tuisikilize!

Mwaka 1880 huko Marekani, Alexander Graham Bell (ndiyo, yule yule wa simu) na msaidizi wake Charles Sumner Tainter waligundua jambo la ajabu. Walichukua mwanga wa jua, wakaukatakata kwa gurudumu lenye matundu linalozunguka, wakauelekeza kwenye vitu mbalimbali. Vitu vikatoa sauti! Baadaye, John Tyndall wa Uingereza akajaribu kwa gesi, nazo zikalia.

Je, mwanga unatoaje sauti? Kumbuka somo la fizikia. Gesi ikimeza mwanga inapata joto. Ikipata joto inatanuka na kusukuma hewa iliyo jirani. Mwanga ukikatika, inapoa na kunywea. Washa, zima, washa, zima, mara elfu kadhaa kwa sekunde, na hewa inatikisika. Na hewa inayotikisika ndiyo sauti yenyewe. Weka maikrofoni hapo, utaipata.

Taabu ni kwamba jua lina mwanga wa kila aina, kwa hiyo huwezi kujua ni gesi gani inayolia. Hapo ndipo leza inapokuja. Leza hutoa mwanga wa urefu mmoja tu wa wimbi, na kila gesi ina urefu wake inaoupenda. Chagua ule wa kaboni monoksaidi, itakayolia ni hiyo, nyingine zitanyamaza. Gesi ikiwa nyingi sauti ni kubwa, ikiwa chache sauti ni ndogo. Mwaka 1971 L. B. Kreuzer alitumia leza kwa njia hii kupima methani kidogo sana iliyochanganywa na naitrojeni.

Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, wakaiacha maikrofoni. Badala yake walitumia kipande cha kwatzi chenye meno mawili kama uma, kile kile kilichomo ndani ya saa za mkononi, kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Leza hupita katikati ya meno hayo. Gesi ikilia pale kati, meno yanasukumwa kila moja upande wake. Kelele za nje huyasukuma yote upande mmoja, kwa hiyo hazihesabiwi. Ujanja huo!

Mbona tuhangaike na gesi chache hivyo? Chukua ugonjwa wa pumu. Mapafu yaliyovimba kwa pumu mara nyingi hutoa nitriki oksaidi zaidi kwenye pumzi. Kwa mtu mzima, chini ya sehemu 25 katika bilioni huhesabiwa ni kidogo, na zaidi ya 50 ni nyingi. Sehemu moja katika bilioni ni kama sekunde moja ndani ya karibu miaka 32! Vyombo vingi vya hospitali hupima gesi hiyo kwa njia nyingine, za kikemia. Vya leza na sauti bado viko zaidi maabara. Hata king'ora cha kaboni monoksaidi cha nyumbani kwa kawaida ni cha kikemia. Na kama nyumbani kwenu hakuna king'ora cha aina yoyote, jiko lilale nje.

Jipime: Leza ikiwaka mfululizo bila kukatizwa, gesi itapata joto vilevile. Kwa nini basi haitalia? Jadilianeni darasani.