Mazutu Kidogo, Mlima Mrefu: Vidokezo 9 vya Kununua Gari Lililotumika

Zamu yako ya likelemba imefika, ng'ombe wawili wa Masisi wameuzwa, na sasa umesimama mbele ya gari jeupe lililooshwa mpaka unaona meno yako kwenye boneti. Komisioneri anakupigapiga begani: "Papa, hili linakunywa mazutu kama ndege anavyokunywa maji!" Ngoja kwanza. Rudisha pesa mfukoni, soma haya, halafu urudi. Gari halitaruka. (Kwa wasomaji wetu wa Dar na Mombasa: mazutu ni dizeli yenu ileile, esansi ni petroli, likelemba ni upatu, na komisioneri ni dalali.)

1. Wiki yako ina kilomita ngapi?

Anza na miguu yako kabla ya macho. Lita moja ya mazutu ina nguvu kuliko lita ya esansi, zaidi ya asilimia 10 hivi, na injini yake huibana hewa karibu mara mbili ya injini ya esansi. Ndiyo maana inafika mbali zaidi. Tuseme gari la esansi la kupanda milima linakula lita 16 kwa kilomita 100, na la mazutu linakula 12. Kwa kilomita 1,000 umeokoa lita 40: bidoni mbili za lita 20, hukuzinunua! Lakini kama safari zako zote ni ndani ya Goma, yaani Himbi, Katindo, Birere na kanisani Jumapili, utaokoa kikombe tu, na pompa ya mazutu ikiharibika itakula akiba ya mwaka mzima. Kwako wewe, gari dogo la esansi linatosha, na hakuna atakayekucheka.

Anayepanda Masisi-Centre au Kitchanga na maharagwe, viazi na jibini, huyo anahitaji mazutu. Wa Walikale naye ana dunia yake. Territoire ya Walikale ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu na matope. Kweli, pale Kilambo lami ilikuwa nzuri hata ndege za kubeba kasiteriti (madini ya bati) zikawa zinatua juu ya barabara. Lakini hicho ni kipande tu. Sehemu nyingine utatua wewe, tena shimoni.

2. Mwalimu wa zamani bado anafundisha

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Injini za mazutu za kisasa zinakula kidogo sana kwenye karatasi. Mafuta yanapigwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, mara 400 na zaidi ya upepo uliomo kwenye gurudumu lako, kupitia vitundu ambavyo hata sindano haipiti. Ni kitu cha ajabu. Sasa mpe huyo bwana mazutu ya bidoni iliyosafiri siku mbili mgongoni mwa pikipiki kutoka Hombo, yenye tone la maji na chembe za mchanga. Atakohoa wiki ya kwanza, na wiki ya pili utatafuta mwenye kompyuta ya kumpima. Utampata wapi, Ndjingala?

Ndiyo maana ukipita kwenye paki za mashirika utaona Land Cruiser za injini 1HZ zimejipanga: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pompa yake ni ya chuma na springi, haina haja ya kompyuta. Inakunywa lita 11 mpaka 14 hivi kwa kilomita 100, ikitegemea mzigo na njia. Si kidogo kupita zote, nakubali. Lakini fundi aliyejifunza chini ya mwembe anaifungua na kuifunga, na vipuri vyake havikosi. Kwa mfuko mwembamba kuna Hilux za injini 3L na 5L: hazina mbio, hazina maringo, na hazidai mengi. D-4D, injini ya kisasa ya Toyota, ni nzuri kwako ikiwa unajaza mafuta yako Goma, kwenye stesheni, na filta unabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Na yale magari mazuri kutoka Ulaya, ya mwaka 2011 na kuendelea? Mengi yana kichujio cha masizi ndani ya ekizosi, na kichujio hicho kinataka mazutu yenye salfa kidogo sana, na barabara ndefu ya kukimbiza gari ili kijisafishe chenyewe. Barabara ndefu ya kukimbia, kati ya Sake na Nyabiondo! Tucheke kidogo, halafu tupite.

3. Mlima nao unakula hewa

Wengi hawaambiwi hili. Ukifika kwenye urefu wa mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya tano ukilinganisha na pwani. Goma yenyewe iko kwenye mita 1,500 hivi, na vilima vya Masisi viko juu zaidi. Injini isiyo na turbo inapewa mazutu yaleyale na hewa pungufu, basi inatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu, na wewe unaongeza mguu. Hapo mafuta yanakwenda bure.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza, tafuta turbo ya zamani yenye pompa ya kawaida. Ya pili ni rahisi: mwambie fundi wa pompa akupunguzie mafuta kidogo na asafishe vinyunyizio. Gari la Mombasa lililopanda huku bila kurekebishwa ni kama mgeni anayekula chakula cha watu wawili.

Tahadhari moja kwa wapenzi wa Prado na Surf za injini 1KZ: ni tamu na zinapanda, lakini zikichemka hata mara moja, kichwa cha injini kinaweza kupasuka. Muulize mwenye gari kama liliwahi kuchemka. Atakuambia hapana. Wote husema hapana. Basi nenda namba 6.

4. Fika kabla ya chai

Muuzaji akisema "njoo saa nane mchana", wewe fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Weka kiganja juu ya boneti. Ni moto? Basi kuna mtu ameamka kabla yako kumpasha mgonjwa asionekane mgonjwa. Mchana wa jua kila mazutu inawaka. Asubuhi ya baridi, na Masisi baridi si ya mchezo, ndipo unajua kama plagi za kupasha zinafanya kazi na kama silinda bado zinabana. Iwashe mwenyewe. Ikianza ndani ya sekunde chache, vizuri. Ikihitaji vijana sita wa kusukuma na sala, mshukuru mwenye gari, ukanywe chai yako.

5. Soma moshi

Mweusi unaotoka ukikanyaga kwa nguvu kisha unapotea: filta ya hewa imeziba au vinyunyizio vimechoka. Inatibika, na ni sababu nzuri ya kupunguza bei. Wa bluu: injini inakula oili, na hiyo ni kazi kubwa. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto: ama mazutu hayaungui yote, ama maji yanaingia ndani. Ukiuona mweupe wa namna hiyo, usiulize bei tena.

6. Kifuniko kisicheze rumba

Injini ikiwa inanguruma polepole, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache juu ya tundu lake. Kikitulia au kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirukaruka na kutema moshi, hewa ya mwako inapita kando ya pistoni, na mazutu unayolipia yanaponyoka hapo. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, lakini kifuniko cha oili hakikualikwa.

Kisha vuta kijiti cha oili na ukifute kwa kitambaa cheupe. Oili nyeusi ni kawaida kwa mazutu. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji. Mwisho, injini ikiwa baridi, fungua rejeta na uwashe: mapovu yasiyokwisha ni dalili mbaya ya kile kichwa tulichokitaja. Na uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwenye 1HZ ni kila kilomita 100,000. Hakuna jibu? Hesabu mkanda mpya ndani ya bei yako.

7. Lala chini, nguo zinafuliwa

Chukua tochi, tandika gunia, ingia chini. Tafuta mistari ya kulehemu kwenye chasi, hasa karibu na springi: gari lililobeba magunia ya Rubaya kupita kiasi huacha kovu. Namba ya chasi kwenye Toyota za kupanda milima huwa imegongwa kwenye chuma cha chasi upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ilinganishe, herufi kwa herufi, na karte roze (kadi ya gari) na karatasi za DGDA (forodha). Komisioneri akisema "karatasi zitafuata", na pesa zako zifuate. Ndiyo njia pekee ya kutouziwa mbuzi kwenye gunia.

Na dashibodi ikionyesha 100,000 tu kwenye gari la Uingereza, uliza kwa upole: hizo ni kilomita au maili? Maili 100,000 ni kilomita 160,000 na zaidi kidogo. Raba ya pedali iliyoisha haijui kusema uongo.

8. Chupa ya maji inayookoa injini

Kidokezo cha bure. Ukinunua mafuta kwa Kadhafi, yule muuza mafuta ya bidoni wa kando ya njia, omba kwanza kidogo kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Iache itulie dakika kumi, mnazungumza habari za watoto. Maji ni mazito kuliko mazutu, yatashuka chini na utayaona kwa macho. Mimina kupitia kitambaa kizito, na usimalize bidoni: vidole viwili vya mwisho vibaki humo.

Kwenye gari unalotaka kununua, mwombe muuzaji afungue kizibo kidogo kilicho chini ya filta ya mazutu. Kikitoa maji mengi au uchafu wa kutu, umejua lililishwa nini. Likishakuwa lako, fungua kizibo hicho kila Jumamosi. Filta ya hewa nayo uitoe na kuikung'uta, maana vumbi la kiangazi huku halina huruma.

9. Mtihani ni pale Sake

Goma mpaka Sake ni tambarare. Pale hata kiti cha plastiki kinapata maksi. Ukimaliza Sake, panda kuelekea Mushaki, watu wanne ndani, gia ya tatu. Sikiliza. Angalia mshale wa joto. Ndiyo, najua: siku hizi swali la kwanza la anayekwenda Masisi ni kama njia iko wazi. Uliza madereva wa Fuso asubuhi hiyohiyo. Wao ndio redio ya barabara, na kwa soda moja watakuambia pia ni injini gani zinafika Walikale na zipi zinarudi kwa kamba. Njia ikiwa imefungwa, tafuta mlima mwingine, lakini usinunue bila mlima.

Kula kwake unapima hivi: jaza tenki mpaka shingoni, tembea kilomita zisizopungua 100, jaza tena mpaka palepale. Lita ulizoongeza, gawa kwa kilomita, zidisha kwa 100. Ikitoka 12 au 13 kwenye Land Cruiser yenye mzigo, umepata mnyama mzima. Ikitoka 20, muulize komisioneri yule ndege wake ni mbuni?

Na ukishanunua, kuna akiba zinazokungoja bila hata senti: shusha keria tupu kutoka juu, pima upepo wa magurudumu kila wiki, na ukiwa kwenye njia nzuri fungua zile loku za magurudumu ya mbele. Wengi huzifunga Mushaki na kusahau mpaka Goma.

Basi kesho saa kumi na mbili na nusu: tochi, gunia, kitambaa cheupe, chupa tupu. Na sweta, Papa. Mushaki kuna baridi.