Wadi ya Watoto Wachanga: Harambee Isiishie Kwenye Kuta

Msomaji, huenda umewahi kupokea kadi ya harambee kutoka nyumbani. Tuseme safari hii kadi imetoka Ogembo, Kaunti ya Kisii, nayo inaomba mchango wa kujenga wadi maalumu ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Wito huo ni mwema, lakini inafaa ujue fedha zako zitanunua nini.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hana mafuta ya kutosha mwilini. Hupoteza joto upesi, na usiku wa milima ya Gusii una baridi. Mapafu yake huenda hayajakomaa, kunyonya humshinda, na maradhi humwingia kwa urahisi. Kwa hivyo anahitaji joto, hewa, lishe na usafi. Wadi isiyompa hayo ni nyumba tu.

Chukua mfano wa oksijeni. Ikipungua, ubongo wa mtoto hudhurika au akafa. Ikizidi, inaweza kuharibu mishipa ya macho na kumwacha kipofu. Mtungi wa oksijeni bila kipimo, na bila muuguzi wa kukisoma usiku na mchana, ni hatari.

Hapo ndipo harambee nyingi hukwama. Tangu Mzee Jomo Kenyatta aifanye harambee kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, wananchi wamejenga shule na zahanati nyingi, lakini baadhi zilikosa wahudumu na dawa. Mchango hutolewa siku moja, ilhali mshahara hulipwa kila mwezi. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, hospitali za umma kama ile ya Gucha, mjini Ogembo, ziko chini ya kaunti, nayo ndiyo huajiri wauguzi.

Kabla ya kutoa, uliza maswali haya. Kwanza, je, kaunti imekubali kwa maandishi kuleta wauguzi, na ni wangapi? Pili, umeme ukipotea, jenereta ipo, na mafuta atanunua nani? Tatu, mashine ikiharibika, fundi atatoka wapi? Nne, nani anaweka fedha, na hesabu itasomwa lini mbele ya waliochanga?

Tena, si lazima kungoja jengo likamilike. Mbinu ya kangaruu, ambapo mtoto hufungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya mtoto kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Inahitaji vitanda, shuka, chakula cha mama na muuguzi wa kumwelekeza. Sehemu ya kwanza ya mchango ingefaa kwenda huko.

Abagusii wanaijua risaga, desturi ya majirani kusaidiana mashambani kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwako, na zamu hurudi tena. Wadi nayo yataka mchango wa namna hiyo. Anayetoa shilingi 200 kila mwezi atakuwa ametoa 2,400 kwa mwaka, na mtoto atakayezaliwa baada ya sherehe za ufunguzi atakuta taa inawaka na muuguzi yuko kazini.